Nani Alimlipa Fundi wa Jiwe la Philae?

Aprili ya mwaka 29 KK, katika kisiwa cha Philae, pale Mto Nile unapoingia Misri ukitokea Nubia, lilisimamishwa jiwe la granaiti ya rangi ya waridi lenye maandishi ya lugha tatu. Juu amechongwa mpanda farasi akimkanyaga adui. Chini yake yapo maandishi ya picha ya Kimisri, kisha Kilatini, kisha Kigiriki. Aliyeliagiza ni Gaius Cornelius Gallus, liwali wa kwanza aliyewekwa na Roma kuitawala Misri baada ya Kleopatra kushindwa na kufa mwaka uliotangulia.

Katika Kilatini Gallus anajieleza kwa kirefu. Alizima uasi wa Thebaidi, eneo la kusini mwa Misri, kwa siku 15. Alishinda vitani mara mbili. Aliteka miji mitano, na yote ameitaja kwa majina. Kisha akavusha jeshi ng'ambo ya maporomoko ya Nile, mahali ambapo, kwa maneno yake, si watu wa Roma wala wafalme wa Misri waliowahi kufikisha silaha.

Hilo la wafalme wa Misri ni uongo. Farao Thutmose wa Tatu aliacha jiwe lake la ushindi huko Gebel Barkal, mamia ya kilomita kusini mwa Philae, zaidi ya miaka 1,300 kabla ya Gallus kuzaliwa. Na ukoo wa Ptolemaio, ambao nchi yao ndiyo Gallus alikuwa amekabidhiwa, nao ulipeleka majeshi Nubia. Kuhani yeyote wa Philae angeweza kumsahihisha.

Naanza na uongo huu kwa sababu kuna mazoea yaliyoenea miongoni mwetu tunaopenda historia ya Dola ya Roma. Tukishika kitabu cha kale tunakuwa na tahadhari. Tunasema Tacitus alikuwa na kinyongo na makaisari, Suetonius alipenda uvumi wa majumba ya wakubwa, Cassius Dio aliandika habari za Augustus, kaisari wa kwanza wa Roma, miaka 200 baada ya mambo kupita. Tukifika kwenye jiwe tahadhari inatutoka. Jiwe limekuwapo siku ile, tunasema. Jiwe ni ushahidi. Nadhani mazoea hayo yametupotosha sana, na yamempa mtawala wa Kirumi nafasi ya kutuongoza mpaka leo.

Nakiri kwamba jiwe lina ubora wake. Halikupita mikononi mwa wanakili. Vitabu sita vya mwanzo vya Kumbukumbu za Mwaka za Tacitus vimetufikia kwa nakala moja tu ya mkono, ya karne ya 9. Cha 7 hadi cha 10 vimepotea kabisa, na pamoja navyo utawala wote wa Kaisari Caligula. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu ya kuielewa hatari hiyo. Maelezo ya soko la Rhapta, ambayo ni kati ya habari za mwanzo kabisa kuandikwa kuhusu mwambao wetu, yamo katika kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 BK kilichoandikwa na mtu aliyeijua biashara ya Misri ya Kirumi, na kitabu hicho kinategemea nakala moja ya karne ya 10 iliyoko Heidelberg. Nakala ile ingeungua, Rhapta ya wachuuzi wale ingeungua nayo.

Kwa hiyo ni kweli kwamba jiwe liko karibu zaidi na tukio. Lakini ukaribu na tukio ni kitu kimoja, na ukweli ni kitu kingine. Kila mmoja wetu ameliona jiwe la msingi kwenye ukuta wa shule au zahanati, lina jina la Mheshimiwa na tarehe. Tarehe ni ya kweli, na jina ni la kweli. Ukitaka kujua nani alitoa kiwanja, nani alichimba msingi na jengo lilikwisha lini, itabidi uwaulize watu. Mwamba ngoma huvutia kwake, na jiwe la Kirumi ni ngoma iliyowambwa na liwali, na baraza la mji, na jemadari, na Kaisari mwenyewe.

Turudi Philae, tulitazame jiwe kwa karibu zaidi, kwa maana lina jambo ambalo silichoki kulifikiria. Gallus anasema wajumbe wa mfalme wa Waethiopia walimjia hapo kisiwani. Waethiopia, kwa lugha ya wakati huo, ni watu wa Kushi, ufalme wa Meroe katika Sudan ya leo. Kilatini kinasema mfalme huyo alipokewa katika tutela. Hilo ni neno la sheria ya Kirumi: ndilo linalotumika kwa mtoto yatima aliyewekwa chini ya mlezi. Msomaji wa Kilatini anaelewa mara moja nani mkubwa na nani mdogo. Teremsha macho kwenye Kigiriki cha jiwe lilelile. Huko neno ni proxenia, neno la heshima baina ya watu wa nchi mbili zinazojitegemea: ukarimu, urafiki, kuwa mwenyeji wa wageni wa mwenzako. Na katika Kigiriki anayepokea ni Gallus, na anayetoa ni mfalme.

Jiwe moja, siku moja, fundi pengine mmoja, na mkutano uleule umekuwa mambo mawili. Maandishi ya Kimisri hayafuati hili wala lile. Yanakwenda kwa mtindo wa makuhani, na mengi yake ni miungu na fadhila zilizofanyiwa mahekalu. Mimi naona sababu iko wazi. Kilatini pale mpakani kilisomwa na askari na maofisa wa Roma, nao walitakiwa waone ushindi. Kigiriki ndicho kilichosomwa na watu wa Misri na wafanyabiashara wa mto, na wajumbe wa Kushi wasingekosa mtu wa kuwasomea. Gallus hakuthubutu kuwaambia wajumbe alichowaambia askari wake.

Sasa fikiria kama jiwe lingevunjika na kipande cha Kilatini peke yake ndicho kingepona. Tungeandika kwamba mwaka 29 KK Kushi iliingia chini ya ulezi wa Roma, tungelitaja jiwe, na tungeona kazi imekwisha. Hofu hiyo si ya bure: lilipopatikana mwaka 1896 lilikuwa limeshakatwa na kutumiwa tena kama tofali la kawaida penye hekalu la Augustus hapohapo Philae. Na maandishi mengi ya Kirumi tunayoyategemea ni vipande vya namna hiyo, upande mmoja wa maneno.

Gallus mwenyewe hakudumu. Mwaka 27 au 26 KK Augustus alimfukuza katika urafiki wake, na Gallus akajiua. Dio anasema alijaza sanamu zake karibu Misri nzima na kuandika matendo yake hata kwenye piramidi. Suetonius anataja utovu wa shukrani na ubaya wa moyo. Ammianus Marcellinus, karne nne baadaye, anadai aliupora mji wa Thebe. Wengi wameliona jiwe la Philae kama uthibitisho wa maneno ya Dio, kwamba huyu alikuwa mtu wa kujikweza. Siridhiki na hilo. Kila jemadari wa Kirumi alijisifu kwa namna hii, na wengi walikufa vitandani mwao wakiwa na heshima zote. Jiwe linatuonyesha Gallus alijisifu. Halituonyeshi kwamba alikufa kwa ajili hiyo.

Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyeangushwa anaendelea kujitokeza. Mnara wa jiwe wa Kimisri ulio katikati ya uwanja wa Mtakatifu Petro, Vatican, ulipelekwa Roma na Caligula. Una maandishi yaliyochongwa ya kumtukuza Augustus na Tiberius. Chini ya maandishi hayo kuna vitundu vidogo vingi, na kwa karne nyingi watu walivipita. Miaka ya 1960 mtaalamu Filippo Magi alivichunguza akagundua kwamba ni matundu ya pini zilizoshikilia herufi za shaba zilizong'olewa zamani. Alivipanga tundu kwa tundu mpaka maneno yakarudi: kwa amri ya Kaisari, Gaius Cornelius Gallus alilijenga Forum Julium, huko Misri. Ushahidi bora wa mnara ule ulikuwa katika kile kilichoondolewa.

Nisieleweke kuwa nakidharau chanzo cha jiwe au cha shaba. Zipo siku kinakifundisha kitabu adabu. Mwaka 1528 mjini Lyon yalichimbuliwa mabamba ya shaba yenye hotuba ya Kaisari Claudius ya mwaka 48 BK, alipoliomba baraza la Seneti liwakubali wakuu wa Galia kuwa maseneta. Hotuba hiyohiyo tunayo pia kwa Tacitus. Kwa Tacitus ni fupi, imenyooka, kila hoja inasukuma inayofuata. Kwenye shaba Claudius anazunguka sana. Anaingia katika habari za wafalme wa kale wa Roma, anatueleza kuwa Servius Tullius kwa Waetruski aliitwa Mastarna, mpaka katikati anajiambia mwenyewe kwa jina kwamba sasa ni wakati wa kuwafunulia maseneta hotuba yake inaelekea wapi. Nikisoma hapo namwona yule mzee msomi aliyesimama mbele ya watu wasiomheshimu sana, akishindwa kuiacha historia anayoipenda. Tacitus alitupa hoja, na akatunyima mtu.

Na katika Hispania ya kusini, miaka ya 1980, yalitokea mabamba ya shaba yenye azimio la Seneti kuhusu Gnaeus Piso, liwali wa Syria aliyeshtakiwa baada ya kifo cha Germanicus, mwana wa kulea wa Kaisari Tiberius. Azimio lina tarehe: 10 Desemba mwaka 20 BK. Tacitus aliiweka kesi hiyo kabla ya sherehe ya Drusus, mwana wa Tiberius, ya mwisho wa Mei. Hapo kitabu kilikosea, au mwandishi aliupanga mwaka kwa ajili ya uzuri wa simulizi. Lakini soma shaba ileile mpaka mwisho: inamsamehe Plancina, mke wa Piso, na inasema waziwazi kwamba ni kwa maombi ya Livia, mama yake Kaisari Tiberius. Ndivyo Tacitus alivyosema, na wapo waliodhani anatia chumvi. Azimio hilohilo linaamuru libandikwe mahali penye watu wengi zaidi katika mji wenye watu wengi zaidi wa kila jimbo, na katika kambi za majeshi karibu na bendera. Huo ulikuwa ujumbe wa serikali kwa raia na askari wake, na hata hivyo ndani yake kulikuwa na aibu ambayo hawakuona haja ya kuificha.

Hapo ndipo vyanzo vinapokuwa na faida kwangu, pale vinapogongana. Tacitus peke yake angetuacha na tarehe isiyo sahihi. Shaba peke yake ingetuacha na baraza lenye furaha likimshukuru Kaisari kwa haki yake.

Lakini ugomvi wa vyanzo ninaoujali kuliko wote ni ule wa mpaka wa kusini, na huo hauwezi kuamuliwa kwa Kilatini na Kigiriki tu.

Haikupita miaka mitano tangu jiwe la Gallus kusimamishwa, jeshi la Kushi lilivuka mpaka. Mwanajiografia Strabo, aliyeishi wakati huo na kufahamiana na wakubwa wa Misri, anasimulia kwamba liliteka Syene, yaani Aswan, pamoja na Elephantine na Philae yenyewe, likachukua watu mateka na kuziangusha sanamu za Kaisari. Liwali Gaius Petronius akatoka na askari wa miguu wasiofika 10,000 na wapanda farasi 800, wakati Wakushi, anasema Strabo, walikuwa 30,000. Petronius akaziteka ngome, akaufikia mji wa Napata akaubomoa, akarudi, akaacha askari 400 katika ngome ya Premnis na chakula cha miaka miwili. Malkia wa Kushi akaja na maelfu ya watu kuishambulia ngome hiyo. Strabo anamwita Kandake, akidhani ni jina. Wasomaji wa Matendo ya Mitume sura ya 8 wanalikumbuka neno hilo kwa habari ya yule towashi. Lilikuwa cheo cha mama au malkia katika ufalme wa Meroe. Anasema pia kwamba jicho lake moja lilikuwa limepofuka.

Mambo yakaishia kisiwani Samos, mbele ya Augustus, majira ya baridi ya mwaka 21 kuingia 20 KK. Wajumbe wa malkia, Strabo anaandika, walipata kila walichokiomba, na Kaisari akawafutia hata kodi aliyokuwa amewawekea.

Sasa tumsikilize Augustus. Matendo yake, aliyoyaandika mwenyewe na kuagiza yawekwe kwenye nguzo za shaba mbele ya kaburi lake Roma, yamepona vizuri zaidi kwenye kuta za hekalu moja la Ankara, kwa Kilatini na kwa Kigiriki. Sura ya 26 inasema kwamba kwa amri yake majeshi yaliingia Ethiopia na Arabia, maadui wengi waliuawa, miji mingi ilitekwa, na huko Ethiopia walifika mpaka mji wa Nabata, yaani Napata, ulio jirani na Meroe. Nukta. Hakuna Syene iliyotekwa. Hakuna sanamu zilizoangushwa. Hakuna Samos, hakuna kodi iliyofutwa. Hata neno "jirani" linapunguza njia, kwa maana kutoka Napata hadi Meroe kuna safari ya siku nyingi za jangwa.

Hakuna neno la uongo katika sentensi ile ya Augustus kama lilivyokuwamo katika jiwe la Gallus. Ni kazi ya mtu mwerevu zaidi. Amechagua kweli zinazomfaa na kuziacha nyingine, na sentensi imesomwa hivyo kwa miaka 2,000.

Mwaka 1910 mwanaakiolojia John Garstang, akichimba Meroe, alikuta kichwa cha shaba cha sanamu ya Augustus. Kimetengenezwa vizuri mno, macho yake ya kioo na jiwe bado yanang'aa, na shingo imekatika kwa nguvu. Kilikuwa kimefukiwa chini ya kizingiti cha jengo la ibada, mahali ambapo kila aliyeingia alimkanyaga Kaisari kichwani. Strabo alisema malkia alikubali kurudisha sanamu. Hiki hakikurudi. Leo kiko London, katika Jumba la Makumbusho la Uingereza. Hakuna maandishi juu yake, wala hayahitajiki.

Na ngome ile ya Premnis? Ni Qasr Ibrim, ambayo leo imebaki kisiwa katika Ziwa Nasser baada ya Bwawa la Aswan kujengwa. Mwaka 1978 wachimbaji walipata humo, katika takataka za askari wa Kirumi, kipande cha mafunjo chenye mistari michache ya mashairi ya Kilatini. Mwandishi wake ni Cornelius Gallus, liwali yuleyule, ambaye katika Roma alijulikana kwanza kama mshairi wa mapenzi. Kabla ya hapo dunia nzima ilikuwa imebakiwa na mstari wake mmoja tu. Katika mistari hiyo anamwambia Kaisari kwamba bahati yake itakuwa tamu siku Kaisari atakapokuwa sehemu kubwa kuliko zote ya historia ya Roma. Ofisa fulani aliyabeba maneno hayo hadi mpakani, mshairi akiwa hai au akiwa ameshakufa kwa hasira ya Kaisari, na akayaacha jalalani.

Mpaka hapo tumewasikia Gallus, Strabo na Augustus: Kilatini, Kigiriki, Kilatini tena. Malkia hatujamsikia. Na hili ndilo linaloniuma katika somo hili. Tunarudia kumchambua Augustus neno kwa neno, kizazi baada ya kizazi, na vyumba vya maktaba vimejaa. Upande wa pili wa vita hivyo, upande wa Afrika, una wasomaji wa kuhesabika duniani. Kijana wa Kiafrika anayetaka kuingia katika historia ya Dola ya Roma huambiwa ajifunze Kilatini na Kigiriki, na ni sawa ajifunze. Ningemwambia aongeze Kimeroe, tena akipe kipaumbele. Kilatini kimeshachimbwa sana, na Kimeroe bado ni ardhi mpya.

Maana malkia naye aliandika. Mwaka 1914 Garstang alipata Hamadab, kilomita chache kusini mwa Meroe, jiwe refu kuliko mtu lenye mistari zaidi ya 40 ya maandishi ya Kimeroe. Chini ya miguu ya watawala waliochongwa juu yake wamelazwa mateka waliofungwa. Majina mawili yanasomeka bila shaka: Amanirenas, kandake wa wakati wa vita vile, na Akinidad, mwana wa mfalme. Wapo wataalamu waliodhani wameliona humo jina la Roma, na wapo wanaolikataa. Nalo ni jiwe la mwenye nguvu; litakuwa na majivuno yake, na miji iliyotekwa, na mambo yaliyoachwa kwa makusudi, na lazima lisomwe kwa tahadhari ileile ninayoidai kwa jiwe la Gallus. Lakini kwanza lisomwe.

Mwandiko wa Kimeroe una alama 23, na sauti zake zinajulikana tangu Francis Griffith alipozifumbua mwanzoni mwa karne iliyopita. Baina ya neno na neno kuna nukta, kwa hiyo unaona wazi kila neno linapoanza na linapokoma. Mtu aliyejifunza anaweza kusimama mbele ya jiwe la Amanirenas, lililoko sasa katika jumba lilelile la London lenye kichwa cha Augustus, akalisoma kwa sauti mstari kwa mstari, na maneno mengi yanayotoka kinywani mwake asijue yana maana gani.